Kanyagio la Pili

Mtaani walimwita Taratibu. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye leseni na kitambulisho, likingoja siku askari wa barabarani atakapoliulizia. Alikuwa mwalimu wa udereva, na neno hilo lilimtoka mara mia kwa siku, kwa sauti ileile ya kubembeleza, tangu mwanafunzi anapofunga mkanda mpaka anapozima injini: taratibu, taratibu, taratibu. Baada ya miaka kumi na tisa likamganda kama rangi ukutani.

Shule yake yote ilikuwa gari moja. Lilikuwa dogo, la milango minne, injini yake haifiki lita moja, rangi yake ya kwanza nyeupe na ya sasa haina jina. Alilinunua likiwa limeshatumika, kwa sababu moja tu: halikuwa na njaa ya mafuta. Juu ya paa alifunga ubao ulioandikwa MWANAFUNZI. Ndani, upande anaokaa mwalimu, mchomeleaji mmoja alimtengenezea kanyagio la pili la breki, lililoungwa kwa fimbo ya chuma na lile la dereva, ili mwanafunzi akichanganyikiwa mwalimu alisimamishe gari kabla ukuta haujalisimamisha.

Wanafunzi waliliita gari lile Kobe, na hawakumsingizia. Kobe hakuvuta. Kwenye tambarare alijikokota. Kwenye mlima mfupi ulio nyuma ya ofisi ya leseni, ambako kila mwanafunzi lazima asimame katikati na kuondoka tena bila kurudi nyuma, alitetemeka, akakohoa, akazima. Muuguzi mmoja aliyekuwa akijifunza alisema amewahi kusukuma vitanda vya wagonjwa vyenye mwendo kuliko huo. Fundi cherehani mmoja, bonge la mtu, aliuliza kama ashuke apande kwa miguu, halafu wakutane juu.

"Cheka tu," Taratibu alimjibu. "Siku ya mtihani utanikumbuka."

Na kweli walimkumbuka. Siku ya mtihani mkaguzi alikaa kwenye kiti cha Taratibu, Taratibu akabaki kwenye benchi la nje, na Kobe akaupanda mlima ule kama mtu aliyetumwa dawa. Wanafunzi walishuka wakiitazama miguu yao kwa mshangao. Sifa zikaenea, na wengine wakaja. Taratibu alikuwa na maelezo yake: yeye hukaza kamba wakati wa mazoezi, ndiyo maana mtihani unakuwa mwepesi. Aliyaamini maelezo hayo kwa moyo mweupe.

Katika watu wote aliowafundisha, mmoja tu hakuwahi kufikishwa mbele ya mkaguzi. Huyo alikuwa mkewe.

Mkewe naye alikuwa mwalimu, wa darasa la tatu, mwenye chaki kwenye mikunjo ya vidole hata siku ya mapumziko. Nyumbani waliitana Mwalimu, huyu akimwita yule na yule akimwita huyu, mpaka wageni wakakosa pa kushika. Miaka kumi na sita iliyopita aliletewa barua ya kumfanya mwalimu mkuu wa shule moja iliyoko juu huko milimani, mwendo wa kilomita ishirini na mbili, ambako basi la kwanza lilifika saa tatu, watoto wakiwa wameshamaliza vipindi viwili. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa.

"Nifundishe," alimwambia mumewe. "Wamenipa miezi mitatu. Miezi mitatu si kidogo."

Walitoka kila siku baada ya saa za shule. Kwenye tambarare hakuwa na neno. Kwenye mlima, Kobe alizima chini ya mikono yake leo, akazima kesho, injini ikilia kama mtu aliyebanwa mlangoni. Taratibu, aliyewabembeleza watu baki, kwa mkewe aliingiwa na hofu, na hofu ikamtoka kwa sura ya ukali. Mguu wako mzito. Sikiliza injini. Siyo hivyo, siyo hivyo. Mkewe akaomba apelekwe kwenye mtihani vilevile alivyo, ajaribu.

"Bado," alimjibu. "Nitakwambia ukiwa tayari."

Hakumwambia. Siku moja ya mwezi wa tatu, gari likiwa limezima mara ya tano na watu wakipiga honi nyuma yao, alisema maneno ambayo baadaye angetoa chochote kuyarudisha kinywani.

"Mwalimu, kuna watu gari haiwataki tu. Wewe haikutaki."

Mkewe aliweka handibreki kama alivyofundishwa, akashuka, akazunguka mbele ya gari, akamwachia usukani. Wiki iliyofuata aliandika barua ya kukataa. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Yeye akaendelea na darasa la tatu mpaka alipostaafu mwaka jana, akaagwa kwa saa ya ukutani na hotuba mbili ndefu. Katika miaka yote hiyo, mtu akimuuliza mbona mume ana shule ya udereva na yeye anatembea kwa miguu, alicheka kidogo na kusema, "Mimi na vyombo vya moto hatuivi chungu kimoja." Taratibu akiwapo alitazama pembeni.

Ndiyo maana asubuhi ile alistuka. Walikuwa wakinywa chai, watoto wameshaondoka kila mmoja kwake, nyumba imekuwa kubwa kuliko wao.

"Mwalimu," mkewe alisema.

"Naam, Mwalimu."

"Hivi gari lako likitengenezwa kwelikweli, likapata nguvu, mtu wa umri wangu anaweza kuupanda ule mlima?"

Aliweka kikombe chini. "Unataka kwenda wapi?"

"Siendi popote. Nataka tu kufika juu."

Alilisema kama mzaha, lakini hakucheka, na alikuwa akikisafisha kijiko ambacho kilikuwa kisafi tayari. Taratibu akajua kwamba neno lile lilikuwa limekaa ndani yake muda mrefu likitafuta mlango. Tangu saa hiyo akataka kitu kimoja duniani: mkewe afike juu ya ule mlima kwa mikono yake mwenyewe, naye awe amekaa pembeni akiona, na lile neno lake la zamani life.

Akampeleka Kobe gereji.

Fundi wake alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mwenye ovaroli iliyolowa oili mpaka ikang'aa. Aliwahi kukaa darasa la tatu la mkewe Taratibu, na mpaka leo akikutana naye njiani hunyoosha mgongo na kuficha kucha. Gari aliliheshimu kidogo kuliko hivyo.

"Mzee, hii inataka mazishi, haitaki fundi."

"Fungua uone kwanza. Safari hii sitaki kubandika bandika. Nataka ivute."

"Kuna nini safari hii?"

"Ni ya Mwalimu wako."

Fundi akafunga kitambaa kichwani vizuri, akaanza. Alianza na buti, maana gari dogo hubeba injini ndogo na kila kilo ni deni. Akatoa matairi mawili yasiyo na meno, vibao vya alama za barabarani, jeki tatu ambazo moja tu ndiyo nzima, na mfuko wa saruji ulioganda ukawa jiwe.

"Na hii ni ya nini?"

"Nilikuwa nijenge ukuta."

"Lini?"

"Endelea na kazi, mwanangu."

Chujio la hewa lilikuwa limeziba kama pua ya mtoto mwenye mafua. Akalitupa, akaweka jipya. Plagi zote nne zilikuwa nyeusi, akazibadilisha. Kabureta akaifungua yote, akaiosha kwa petroli, akapuliza kila kitundu mpaka macho yakamtoka. Akarekebisha vali, akajaza matairi upepo kwa kipimo, akaweka oili nyepesi. Ilikuwa kazi ya siku mbili, na Taratibu hakuondoka, alikaa juu ya kopo la rangi akimpitishia spana kama muuguzi chumba cha upasuaji.

Alipofika kwenye magurudumu, fundi akachuchumaa, akatikisa kichwa.

"Breki zimekwisha tena. Si nilibadilisha juzi juzi tu?"

"Wanafunzi," Taratibu alisema. "Wanapenda breki kama peremende."

"Na balbu za taa za breki zimeungua tena, zote mbili."

"Barabara zetu si unazijua."

Fundi alimwangalia kidogo, kama mtu anayetafuta neno lililo kwenye ncha ya ulimi, halafu akaenda kuchukua breki mpya.

Siku ya pili, jua likiwa limeinama, Taratibu akampeleka Kobe mlimani peke yake. Akasimama katikati, kama mtihani unavyotaka. Akaachia klachi. Gari likaondoka, likashika gia ya pili, likaomba ya tatu, likafika juu na pumzi limebakiza. Alicheka mwenyewe ndani ya gari, mtu mzima mwenye mvi, akaupiga usukani kofi kama mtu anayempongeza punda. Nyumbani alimwambia mkewe neno moja tu: "Kesho."

Kesho mkewe akatoka amevaa viatu vya chini na miwani yake ya kusomea madaftari. Alirekebisha kiti, akarekebisha kioo, akafunga mkanda. Hakuwa amesahau chochote. Barabara ya tambarare aliipita kimya, gia zikiingia bila kelele, na Taratibu akahisi moyo wake ukipanda kabla ya gari kupanda.

"Taratibu," alisema walipofika chini ya mlima. "Hapo hapo. Taratibu."

Wakafika katikati, akasimama. Akaachia klachi, akaongeza mafuta, na Kobe akatetemeka, akakohoa, akazima.

"Haidhuru. Tena."

Akazima tena. Mara ya tatu akanguruma kwa uchungu, akasogea hatua mbili, akafa. Mara ya nne harufu ya kitu kinachoungua ikaingia madirishani. Mkewe akaweka handibreki, akaondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani.

"Basi, Mwalimu. Ulisema kweli. Hainitaki."

Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu. Alisema kama mtu anayesahihisha daftari na kukuta jibu ni lilelile. Wakabadilishana viti. Ili wageuze gari ilibidi wafike juu, na Taratibu alipokanyaga mafuta, Kobe akaupanda mlima kwa gia ya tatu, injini ikiimba. Mkewe aligeuza uso dirishani. Taratibu hakupata kuona aibu kama ile, akaona kama gari limemtukana mke wake mbele yake.

Mchana alirudi gereji moto unamtoka.

"Umeniuzia mbuzi kwenye gunia. Gari haipandi."

Fundi alijifuta mikono. "Wewe ukiendesha inapanda?"

"Inapanda."

"Peke yako?"

"Hata na abiria. Leo nimepanda na Mwalimu wako pembeni."

"Mwalimu akiendesha yeye, haipandi."

"Haipandi."

"Wakati huo wewe umekaa wapi?"

"Pale pangu. Nikae wapi, juu ya paa?"

"Twende," fundi alisema.

Fundi akashika usukani, Taratibu akakaa mahali pake. Wakaenda mpaka chini ya mlima. Fundi alipoanza kupanda akakunja uso, akasikiliza kwa makalio kama mafundi wanavyosikiliza, na katikati ya mlima Kobe akazima. Fundi hakumwasha. Akavuta handibreki, akashuka, akainama karibu na gurudumu la mbele na kusogeza kiganja. Akakirudisha haraka kwa joto. Halafu akazunguka mpaka mlango wa Taratibu, akaufungua.

"Usisogee, Mzee."

"Kuna nini?"

"Usisogee tu. Angalia mguu wako."

Taratibu akaangalia. Kiatu chake cha kulia kilikuwa juu ya kanyagio la pili.

"Sijakanyaga," alisema.

"Hujakanyaga. Umeulaza."

Aliunyanyua mguu. Mpira wa kanyagio ulikuwa umelika mpaka chuma kikatoka, na palipolika palifanana na soli yake. Kumbe kila mwanafunzi aliyeushika usukani ule alikuwa akivuta gari lililoshikwa breki, kidogo tu, kiasi cha mkono wa mzazi kwenye kola ya mtoto. Breki zinazokwisha kila mara. Balbu zinazoungua kwa kuwaka mchana kutwa. Na yeye, alipokaa upande wa dereva, mguu wake ulikuwa na kazi nyingine, gari likawa jepesi, naye akaona ni ufundi.

"Siku ya mtihani," fundi aliuliza polepole, "kiti hiki anakaa nani?"

"Mkaguzi."

 Mwendesha baiskeli akawapita akisukuma, akawatazama kwa huruma akidhani wameharibikiwa.

"Mwalimu wangu, ule mwaka aliopewa ile shule," fundi alisema, "ulimfundisha kwa gari hii?"

"Hii hii."

Fundi aliinama, akaishika ile fimbo ya chuma. "Niifungue sasa hivi?"

"Iache. Lazima aione."

Alimkuta mkewe uani akianua nguo. Njiani alikuwa amepanga maneno, mazuri, yenye mwanzo na mwisho, na yote yakamkimbia mlangoni.

"Mwalimu, njoo nikuonyeshe kitu."

Alikuja na shati lake begani. Taratibu akaufungua mlango, akamwonyesha kanyagio, akamwonyesha kiatu.

"Mguu wangu ulikuwa kwenye breki. Wewe unapanda, mimi nakushika. Sikujua, naapa sikujua. Fundi ndiye ameona leo."

Mkewe aliinama akapeleka kidole pale mpira ulipolika, akakipitisha polepole.

"Asubuhi ya leo?"

"Asubuhi ya leo, ndiyo."

"Na ule mwaka?"

"Na ule mwaka. Nadhani ule mwaka zaidi."

"Kwa nini zaidi?"

"Nilikuwa naogopa."

"Uliogopa niumie."

"Ndiyo."

"Na nini kingine?"

Taratibu akakitazama kiatu chake. Kwa jirani mtu alikuwa akigonga msumari, akapumzika, akagonga tena.

"Nakuuliza, Mwalimu. Ulitaka niende kule?"

"Sikutaka usiende."

"Sikuuliza hivyo. Nimefundisha miaka thelathini na moja, jibu linalokimbia swali nalijua hata likiwa limeandikwa vizuri."

Taratibu akakumbuka jinsi alivyojitolea kuipeleka barua ya kukataa posta, na jinsi alivyorudi akipiga mluzi. Hakuwa ameukumbuka mluzi ule tangu siku hiyo.

"Ulipokataa nilifurahi," alisema. "Nilijiambia nafurahi kwa ajili yako, umepumzika na mahangaiko. Lakini nilifurahi. Nilizoea kukukuta nyumbani."

Mkewe alilitoa shati begani, akalilaza juu ya boneti, akalikunja mikono ndani, akalikunja kati, kwa uangalifu ambao shati lile halikustahili.

"Uliowapeleka kwa mkaguzi, walifaulu?"

"Karibu wote."

"Kwa hiyo ningefaulu."

"Ungefaulu."

"Sema tena."

"Ungefaulu, Mwalimu."

Akachukua shati, akaingia ndani. Siku ile hawakusemezana ila kwa mambo yanayolazimisha kusema: maji yamekatika, ufunguo uko wapi, chakula kipo mezani. Taratibu alikula mwenyewe. Alijaribu kukadiria miaka kumi na sita ni watoto wangapi katika ile shule ya juu, ambao hawakupata kumjua, akashindwa, akaacha.

Asubuhi mkewe akatoka na viatu vyake vya chini.

"Mwite yule mtoto wangu wa gereji," alisema. "Aje akae mbele."

Walipofika chini ya mlima Taratibu aliteremka bila kuambiwa. Fundi akakaa kwenye kiti cha Taratibu, miguu ameikunja nyuma kabisa, chini ya kiti. Mkewe hakumtazama mumewe. Aliwasha gari, akaanza kupanda, akafika katikati, akasimama kama mtihani unavyotaka.

Taratibu alikuwa kando ya barabara, na akajikuta anakanyaga lami kwa mguu wa kulia. Aliikanyaga mpaka paja likauma. Akaunyanyua mguu, akasimama kwa mmoja kama korongo, haoni aibu ya wapita njia, na pale juu gari likaondoka. Halikutetemeka. Likaingia gia ya pili, likafika kileleni, likazama upande wa pili.

Halikurudi upesi. Alingoja mpaka kivuli chake kikafupika. Lilirudi, likapanda tena, likarudi, likapanda mara ya tatu, na mara zote mbili lilimpita bila kusimama. Mwishoni likateremka likaegesha mbele yake, sentimita chache kutoka ukingoni, sambamba kama lililopimwa kwa rula. Mkewe alishusha kioo. Macho yake yalikuwa mekundu, mikono imetulia.

"Umepanda," Taratibu alisema.

"Ya kwanza nilidhani nimekosea kitu. Ilikuwa rahisi mno."

"Nisamehe, Mwalimu."

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kutoa alama za huruma.

"Leo sijui," alisema. "Panda nyuma."

Fundi alikaza macho mbele kama mtoto aliyekatazwa kugeuka. Taratibu akafungua mlango wa nyuma wa gari lake mwenyewe, ambamo hakuwahi kukaa hata siku moja, akaingia, magoti yakamfika kifuani. Mkewe akaangalia kioo, akaonyesha ishara, akaachia klachi. Gari likaondoka laini hivi kwamba hakujua ni sekunde gani lilianza kwenda. Katika miaka kumi na tisa hakupata mwanafunzi mwenye mguu kama ule. Alifungua kinywa amwambie, akayaona macho ya mkewe kwenye kioo, yakiangalia barabara iliyo nyuma, yakimpita yeye. Akakifunga.

Ikabidi fundi aseme.

"Mwalimu, una mguu mwepesi sana."

"Jana nimeambiwa ningefaulu," mkewe alijibu, na akashusha gia kuingia kona.